Ijumaa ya Draiva Mbili

Ijumaa, baada ya Magharibi. Nipo nyumbani, Madungu. Mvua imetishia tangu asubuhi na haikunyesha, joto limekuwa la kunata, na mimi nimekaa kitako na baibui langu bado mwilini, kama niliyekuja kutembea tu. Chai imepoa.

Naandika kwa sababu nikinyamaza sitalala.

Wanaonisoma hapa wanajua kazi yangu. Natunza mitambo ya kompyuta katika hospitali moja hapa kisiwani Pemba. Mama yangu huwaambia watu kwamba mwanawe "hutengeneza kompyuta", nami nimechoka kumsahihisha. Kwa kweli kazi yangu ni kuhakikisha kwamba hakuna mtu anayenikumbuka. Siku nikikumbukwa, ujue kuna kitu kimekufa.

Leo nilikumbukwa na watu wengi.

Asubuhi aliletwa Shaame. Ni mvuvi wa Wambaa, lakini msimu wa karafuu huacha nyavu akaenda kuchuma kwenye mashamba ya watu. Tawi lilimvunjikia, akaanguka kwa mgongo. Wenzake walikuwa na akili: waling'oa mlango wa banda wakamlaza juu yake, wakamleta hivyo hivyo bila kumkunja. Vidole vya miguu alikuwa bado anavihisi. Daktari Zuwena, aliyekuwa zamu, aliniambia baadaye kwamba hilo ndilo lililomtia hofu, maana mtu mwenye hisia bado anacho cha kupoteza.

Shaame alipigwa picha za mgongo kwenye ile mashine kubwa. Bingwa wa kuzisoma yuko Unguja, na jibu lake ndilo lingeamua: apelekwe leo kwa ndege ya mchana, au alale asiguswe. Kaka yake, Kombo, alikwishapata nafasi kwenye ndege na gari ilikwishafika. Alikubali kusubiri jibu, ila si kupita saa ya kwenda uwanjani. Simlaumu. Ndugu yako amelala juu ya mlango, na wewe unaambiwa ungoje kompyuta.

Daktari Zuwena alijaribu kukipiga picha kioo cha kompyuta kwa simu yake. Bingwa akamjibu kwamba anachokiona ni mng'aro wa taa na kidole cha Daktari Zuwena. Alizitaka picha zenyewe, zote.

Picha zenyewe hazikwenda.

Kwa msiojua mambo haya, programu ya picha inakaa kwenye seva yetu hapa Pemba, lakini hifadhidata yake, yaani ghala la kumbukumbu zote, iko Unguja. Hizi mbili hazizungumzi ana kwa ana. Kati yao kuna draiva, kifaili kidogo tu, nacho ni kama mshenga. Huchukua maneno ya huku, akayapeleka kule kwa namna inayokubalika, akarudi na jibu. Sasa jana wenzetu wa Unguja wameihamisha hifadhidata kwenye toleo jipya, na toleo hilo lina masharti mapya ya kupiga hodi. Mshenga wetu wa zamani hayajui. Akifika mlangoni anarudishwa.

Taarifa ya kuhama tuliipata asubuhi, baada ya wao kuhama. Sisi huku tumezoea kualikwa harusi wakati sahani zinaoshwa.

Mwenzangu kazini ni Bwana Faki, mkubwa kwangu kwa umri na kwa cheo. Yeye ndiye aliyeishusha draiva mpya, akaiweka mahali pake, akaomba ruhusa kwa mkuu wetu Unguja, akaizima seva na kuiwasha. Ukurasa wa mwanzo ukafunguka. Akasema, "Alhamdulillahi, imekaa," akavaa kofia yake akenda zake kusali Ijumaa. Ukurasa wa mwanzo hauiulizi hifadhidata kitu chochote, unafunguka hata kama nyuma yake hakuna kitu. Wala mimi sikuliwaza hilo mpaka Daktari Zuwena aliponipigia simu.

Nilianza na yale tunayoanza nayo sote. Nikalaumu mtandao, mtandao ukawa mzima. Nikalaumu nywila, ikawa sahihi. Nikaijaribu draiva mpya peke yake, nje ya seva, na hifadhidata ya Unguja ikaitika mara moja kama mtu aliyekuwa kibarazani. Basi mshenga mpya mzima na njia nzima. Lakini seva ilikuwa inatoa malalamiko yaleyale ya asubuhi, neno kwa neno.

Nikaiuliza seva: umebeba draiva gani? Ikanijibu toleo la zamani.

Jasho lilinitoka na kiyoyozi kinavuma kichwani pangu.

Nilipofungua folda ya draiva nilizikuta zote mbili. Mpya ipo, na ubavuni mwake ya zamani, imeongezewa tu neno "akiba" mbele ya jina. Bwana Faki ni mtu wa namna hiyo, hatupi kitu. Ana vipande vya nyaya vya tangu enzi za simu za mezani. Lakini seva haisomi majina kama tusomavyo sisi. Kila faili la aina ile lililomo kwenye folda ile huliokota, na hili la akiba ndilo lililotangulia. Washenga wawili nyumba moja, na mzee ndiye aliyewahi kufungua mdomo.

Dawa yake ni kuitoa ile ya zamani, kuizima seva na kuiwasha tena. Ni kazi ya kunywa maji.

Ila seva hiyo hiyo ndiyo inayoendesha famasi, na famasi hutumia folda hiyo hiyo. Hifadhidata ya famasi haikuhamishwa, ni ya zamani, na muda wote huo ilikuwa inafanya kazi vizuri na mshenga wake wa zamani. Je, nikimtoa, huyu mpya atasikilizana nayo? Watengenezaji wameandika kwamba atasikilizana. Watengenezaji huandika mengi. Halafu tuna amri: saa za kazi haiguswi seva bila neno la mkuu. Nikampigia mkuu, simu imezimwa. Nikampigia Bwana Faki, imezimwa. Wanaume wote wa kazini kwetu walikuwa msikitini, na ndivyo inavyopasa. Nilibaki mimi na mashine.

Nitasema kweli, kwa sababu hapa ndipo ninaposemea kweli. Wazo langu la kwanza halikuwa Shaame. Lilikuwa hili: kaa kimya, Saada, wangoje warudi, likiharibika liwaharibikie wao. Na lilinipa raha. Nilikaa nalo kwa muda, nikiangalia kioo kana kwamba ninasoma kitu.

Halafu nikamsikia Kombo ukumbini. "Mie nshasema, ndege haimngoji ntu. Haya, mnyanyueni."

Nikatoka mbio hadi famasi. Foleni ilifika mlangoni. Bi Mgeni, mkuu wa dirisha la dawa, alinitazama usoni kabla sijafungua mdomo.

"Bi Mgeni, nataka kuizima seva. Na huenda isirudi."

"Kwa ajili ya nani? Ya yule aloanguka?"

"Ndiyo."

"Zima, mwanangu. Hawa wangu wa foleni ntawashika kwa maneno mpaka irudi."

Nikarudi, nikaihamisha ile akiba nje kabisa ya folda, nikaizima seva. Kuizima ni rahisi. Kuingoja iwake ndiko kunakomzeesha mtu. Nilisoma kila aya niliyoijua, na nyingine nafikiri nilizichanganya. Huko ukumbini nilisikia magurudumu ya kitanda, kisha sauti ya Daktari Zuwena, naye si mtu wa kupaza sauti: "Hapa hapiti mtu!" Niliambiwa baadaye kwamba alikuwa amesimama katikati ya mlango mikono ameitanua.

Kwanza Bi Mgeni akapiga kelele kutoka famasi kwamba imerudi. Kisha nikaiona picha ya kwanza ya mgongo wa Shaame inakwenda Unguja, na ya pili, na nyingine, zikifuatana taratibu kama watu waliotoka kuzika. Nilikimbia kumwambia Daktari Zuwena. Kombo hakunitazama. Alikuwa anatazama saa.

Jibu likaja kwenye simu ya daktari, naye akalisoma kwa sauti ili wote walisikie. Asipandishwe ndege. Asigeuzwe, asikalishwe. Pingili imevunjika na kipande chake kimeegemea mishipa ya fahamu, mtikiso mmoja tu unatosha. Bingwa atakuja mwenyewe kesho asubuhi.

Mliotarajia vigelegele, hapakuwa na vigelegele. Kombo alipiga ukuta kwa kiganja na kusema mashine zetu mbovu zimemkosesha ndugu yake ndege. Ndege yenyewe tuliisikia ikipita juu. Nilitaka kumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba kifaili kimoja kilikuwa mahali pasipo pake? Mama yao, Bi Riziki, ndiye aliyenishika mkono.

"Hebu nambie, mwanangu. Huyo daktari wa Unguja kaona kweli, au kaambiwa tu?"

"Kaona mwenyewe, mama. Kaona kila kitu."

Akaniachia mkono, akaenda kukaa chini karibu na miguu ya mwanawe.

Bwana Faki alirudi na kanzu yake nyeupe, ananukia udi, uso umetulia. Nilimwonesha folda. Akasema, "Ah, hiyo niliiweka kwa tahadhari. Akiba haiozi, Bi Saada."

"Hii imeoza, Bwana Faki! Imeoza na inanuka!"

Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya wauguzi, kumwambia mtu aliyenifundisha kazi. Alivua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni, akakaa kuandika taarifa kwa mkuu. Nilipoisoma nilikuta ameandika kwamba kosa ni lake, na kwamba mimi niliigusa seva kwa amri yake. Amri hiyo hakunipa. Nitamwomba radhi, lakini leo bado nina hasira, na radhi ya mtu mwenye hasira haina ladha.

Nimepiga simu kabla ya kuandika haya. Shaame amelala chali, ameshikizwa mifuko ya mchanga huku na huku, na vidole bado anavihisi. Kesho ndiyo itakayosema. Nimejikuta naogopa kufurahi.

Na kuna jambo jingine, zito kuliko mkuu na ruhusa zake. Kama ningekaa kimya kidogo zaidi, Kombo angepita mlangoni. Shaame angepanda ndege. Angetikiswa, na angeshuka Unguja miguu imekufa. Na hakuna mtu, hata mmoja, ambaye angeuliza habari za folda. Wangesema kaanguka mkarafuu, mkarafuu ndivyo ulivyo, ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Bi Riziki angesema hivyo. Mimi ningekwenda kumpa pole, ningekaa mkekani, na ningeitikia amina.

Kadari naiamini. Lakini nimekuwa kazini miaka yote hii, na nimekaa kwenye mikeka mingi. Amina ngapi kati ya nilizoitikia zilikuwa za namna hiyo?