Jina la Mama Ndoo kwenye Ripoti

Kwa Fundi Saa, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kituo cha mabasi.
Jumapili, tarehe 27 Aprili.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua ukipanda ngazi. Je, ulirudi kwa daktari kama ulivyoahidi, au unaendelea kulitibu kwa kulikaripia? Sisi huku hatujambo. Baba ni mzima, anakula vizuri, na bado anagombana na redio. Mdogo wangu yuko barabarani na lori lake kama kawaida. Tunajua yu hai kwa sababu mke wake bado anamlalamikia.

Barua yako ya Februari niliipata, nikaisoma mara mbili, kisha nikaikalia. Nisamehe. Uliniuliza jambo moja tu: ni kweli nataka kuacha kazi ya kudumu ili nikawe mwanafunzi tena nikiwa na miaka thelathini na nne? Ukaongeza kwamba Baba amekuandikia akuombe uniseme. Nilijua. Niliiona bahasha mezani kwake ina jina lako, na Baba hashiki kalamu kukuandikia ila pana msiba au pana mimi. Sikutaka kukujibu nusu nusu, nikasubiri mambo yafike mwisho. Sasa yamefika. Kaa vizuri nikusimulie.

Kwanza nikuondolee wasiwasi mmoja. Baba amekuambia nataka kuwa daktari. Sitaki kutibu mtu. Nilichoomba ni shahada ya uzamivu katika sayansi za tiba, yaani miaka minne au mitano ya kuchunguza vijidudu: vinaingiaje mwilini, na kwa nini dawa iliyoviua jana leo havishtuki nayo. Miaka tisa nimekaa kwenye maabara ya hospitali nikipokea damu za watu, nikiziotesha kwenye sahani, nikiandika jibu na kulipitisha dirishani. Nimechoka kuandika majibu ya watu, Shangazi. Nina maswali yangu.

Jambo ambalo hata Baba hajui ni kwamba mwaka jana niliomba vyuo vitatu kimya kimya, na vyote vikanikataa. Barua ya tatu ilifika siku ya kufua, nikaisoma, nikaiweka mfukoni, nikaendelea kuanika nguo. Jioni hiyo hiyo nikaanza orodha ya vyuo vya mwaka huu.

Mwaka huu viliingia vinne. Kila kimoja kinataka insha ya kujieleza, matokeo yako ya shahada ya kwanza, na barua tatu za watu wa kukusifia. Hizo sifa ndizo zilizonitoa jasho. Mkuu wetu wa maabara tunamwita Bwana Kesho, na jina halijamwonea. Aliniahidi barua kwa wiki saba. Zilipobaki siku mbili za kutuma maombi, nilibeba kiti changu nikaenda kukaa ofisini kwake.

"Unataka nini?" akaniuliza.

"Naisubiri kesho, mkuu. Nimeona niisubirie hapa hapa."

Alicheka mpaka akakohoa, akaandika. Kurasa mbili nzima, na nzuri. Mtu anaweza kukaa na maneno mazuri juu yako moyoni miaka tisa na asiyatoe mpaka umletee kiti.

Insha niliiandika mwenyewe, na hapo ndipo nilipojikwaa. Nilieleza kisa cha wodi ya watoto. Ndani ya wiki tano, damu za watoto kumi na mmoja ziliota bakteria wa aina moja. Ukisoma karatasi zangu, ungedhani watoto wale wako mahututi. Nilipopanda wodini kuwaona, wanne walikuwa wanafukuzana kati ya vitanda. Lakini wote walikuwa wanachomwa sindano za dawa kali, kwa sababu ya jibu lenye saini yangu. Nilipima mikono yangu, nikapima maji ya bomba, nikapima chupa tunazowekea damu. Sikuona kitu. Mwishowe bakteria walikutwa wamestarehe ndani ya kopo la pamba zenye dawa, zile ambazo manesi walikuwa wanafutia ngozi kabla ya kutoa damu. Vijidudu vilikuwa vya kopo, watoto wamesingiziwa. Kopo likatupwa, sindano zikasimamishwa, na bakteria wale hatujawaona tena.

Kwenye insha niliandika: "Niligundua chanzo." Maneno mawili. Hayakuwa kweli.

Aliyegundua ni Mama Ndoo. Huyu ni mama anayepiga deki wodi ile, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Siku ile alinikuta nimeinama nikipima sinki, akaniambia, "Wewe unahangaika na masinki. Lile kopo la pamba halijaoshwa tangu nianze kazi hapa. Dawa ikipungua wanaongeza nyingine juu yake." Akainua ndoo yake akaenda zake. Kama asingesema, mpaka leo ningekuwa napima masinki.

Basi vyuo viwili vilikaa kimya, viwili vikaniita kwenye usaili. Cha kwanza ni kile kikubwa ambacho hata wewe huko umekisikia. Kilinisaili kwa njia ya kompyuta. Nilijifungia kwenye stoo ya vitendanishi, yaani kemikali za maabara, mahali pekee penye mtandao usiokatika, nimevaa koti zuri juu na viatu vya kazini chini, friji inanguruma mgongoni kwangu. Wakaniuliza ni kitu gani kilinifanya nifikirie kopo. Shangazi, nilikuwa na sekunde mbili. Nikasema, "Uzoefu. Baada ya miaka mingi, mtu unapata hisia." Wakaitikia kwa vichwa, wakaandika. Wiki iliyofuata nikaambiwa nimewekwa kwenye orodha ya akiba, nafasi ikipatikana nitaitwa.

Ningepaswa kufurahi. Badala yake nikaanza kumkwepa Mama Ndoo kwenye korido. Nikimwona anakuja na ndoo, nakumbuka nimesahau kitu maabara.

Usaili wa pili ulikuwa wa ana kwa ana, safari ya siku nzima kwa basi. Tulikaa wanane kwenye benchi nje ya mlango, wenzangu wote vijana wa miaka ishirini na kitu, nyuso zimepigwa pasi. Mmoja alinisogezea nafasi kwa heshima kabisa, akaniuliza, "Mama, umemleta nani?" Nikamwambia, "Nimejileta mwenyewe, mwanangu, na nimechelewa kujileta." Akaona haya mpaka masikioni. Baadaye tuligawana karanga, na ni mtoto mwerevu kweli.

Ndani walikuwa watatu: mwenyekiti, ambaye ni mama mwenye nywele nyeupe anayechunguza bakteria, bwana mmoja wa takwimu mwenye miwani puani, na mtafiti wa kinga ya mwili ambaye alitabasamu mwanzo hadi mwisho, sijui kwa wema au kwa njaa. Mwenyekiti akaishika insha yangu.

"Umeandika uligundua chanzo. Ni kitu gani kilikufanya ulifikirie kopo?"

Swali lile lile. Na jibu lile lile lilikuwa tayari ulimini, linang'aa kwa mazoezi. Nikalimeza.

"Sikulifikiria," nikasema. "Niliambiwa na mama anayepiga deki wodini. Niliandika kwamba niligundua mimi. Sikutakiwa kuandika hivyo."

Nilisikia kiti cha bwana wa takwimu kikilia.

"Sasa wewe ulifanya nini?" mwenyekiti akauliza.

"Nilikwenda kuhakikisha kama anasema kweli."

Nikaeleza. Nilichukua sampuli tatu kwenye kopo lile, na nyingine tatu kwenye makopo ya wodi nyingine. Nikaziba majina ya chupa zote kwa karatasi na kuzipa namba, kisha nikampa mwenzangu asome sahani bila kujua ipi ni ya wapi.

Bwana wa takwimu akavua miwani. "Nani alikufundisha kuziba majina?"

"Hakuna aliyenifundisha. Nilijijua nataka sana jibu liwe lile kopo. Nikayaogopa macho yangu mwenyewe."

Akavaa miwani tena, akachukua karatasi ya matokeo yangu. "Na somo la takwimu ulifeli."

"Nilifeli. Sikuwa mgonjwa wala sikufiwa. Nilikuwa sielewi, na nikaona haya kuuliza."

Yule wa kinga ya mwili alicheka waziwazi. Mwenyekiti hakucheka, aliandika kwa muda mrefu, kisha akanishukuru kwa kuja. Nilitoka sijui kama nimejenga au nimebomoa. Nilichojua ni kwamba nilikuwa na njaa, njaa ya kweli, kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita.

Asubuhi iliyofuata, kabla sijapanda basi la kurudi, nilikiandikia kile chuo kikubwa. Nikawaeleza kwamba jibu nililowapa halikuwa sahihi, nikataja aliyeniambia, na nikasema mimi nilifanya nini hasa. Nilituma kabla sijapata muda wa kujionea huruma. Walijibu kwa mistari miwili: wanashukuru kwa taarifa, na nafasi kutoka orodha ya akiba hazikupatikana mwaka huu. Kama wangenichukua nikinyamaza, sijui, wala sitajua. Nimeamua kutolilia swali hilo.

Chuo cha pili kimenichukua, Shangazi. Barua ilikuja tarehe tatu mwezi huu. Masomo yanaanza Septemba, wananipa posho ya kujikimu, na kuna sharti moja: muhula wa kwanza nirudie somo la takwimu, na mwalimu ni yule yule bwana wa miwani. Nitalirudia. Nitakaa kiti cha mbele, na safari hii nitauliza mpaka aombe likizo.

Barua ikiwa bado mkononi nilimfuata Mama Ndoo. Nilimkuta anakamua tambara, nikamwambia yote, pamoja na uongo wangu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mimi nimefika chuo kikuu kabla yako?" akasema.

"Umetangulia, mama."

"Na ile ripoti ya kopo mliyoibandika ukutani hapa hospitali, yenye majina ya watu, mbona mimi simo?"

Alikuwa na haki. Nikaenda kwa Bwana Kesho. Akashangaa: "Mpiga deki kwenye ripoti ya maabara? Wakubwa watatucheka." Nikamwambia watacheka zaidi wakijua sisi wasomi tulikuwa tunapima masinki. Akasema atalitazama kesho. Nikamuuliza kama nikalete kiti. Jina liliingia siku ile ile, jina lake kamili la kuzaliwa, ambalo wengi wetu hatukuwa tunalijua. Mama Ndoo alilisoma pale ukutani kwa kidole, herufi moja moja, akasema wamelikosea herufi moja. Tukarekebisha.

Nije kwa Baba sasa, maana ndiye aliyekutuma uniulize.

Tangu Mama afariki, nyumbani tumebaki mimi na yeye. Kila alipokataa alisema ni kwa ajili ya kazi ya kudumu, na mafao, na umri wangu. Nilibishana na mafao miezi mitatu mpaka nikagundua si mafao yaliyokuwa yanazungumza. Jumamosi mchana nilishuka dukani kwake nikakaa ng'ambo ya meza yake ya kutengenezea saa. Nikamwambia nimepata, na kwamba nitakwenda. Sikumwomba ruhusa, Shangazi, nilimpa taarifa kwa adabu. Nikamwambia mke wa mdogo wangu na watoto watahamia chumba changu, wamekubali.

"Usinipangie walinzi," akasema. "Mimi si saa ya mteja."

"Ndiyo maana hujaulizwa, Baba. Wao ndio wanaotaka kuhama, nyumba yao inavuja."

Akainamia kazi yake. Alifungua kifuniko cha saa, akakifunga, akakifungua tena. Nikadhani mazungumzo yamekwisha, nikasimama. Ndipo akasema, bila kuinua macho:

"Shangazi yako alipoondoka, sikwenda kumsindikiza."

Nikamwambia najua. Nilikuwa na miaka minane, nakumbuka ulivyokuwa ukigeuka geuka pale kituoni, na Mama akikuambia kwamba kaka yako amebanwa na saa ya mteja.

"Hakukuwa na saa ya mteja," akasema. "Nilijifungia humu dukani nikangoja basi lake liondoke. Nilidhani nikienda nitamshika mkono nimrudishe. Miaka ishirini na sita, na sijawahi kumwambia."

Kisha akaniuliza basi langu la Septemba litaondoka saa ngapi, akaiandika saa hiyo kwenye karatasi na kuibandika juu ya meza yake ya kazi.

Alinikataza nisikwambie. Nimekwambia.

Msalimie sana binamu yangu mwalimu, na yule mpishi, na wanangu wote ambao bado sijawaona. Mke wa mdogo wangu anakusalimu, na watoto wanauliza kama kweli una sura kama ya Baba. Mungu akufunike kwa rehema zake, akuzidishie siku njema, na atukutanishe tukiwa na nguvu za kukumbatiana.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye bila kupunguza,

Kifungua Mimba wa Fundi Saa