Diski Mbili kwa Nyimbo Saba

Mjukuu wangu Neema,

Huku Maplewood mama yako mzima, yuko kazini hospitalini. Mimi kifua kinanisumbua, lakini akili bado ni yangu. Umeniuliza kama ununue diski ya nje ya kuhifadhi nyimbo ninazokuimbia kwenye simu. Kwanza nilicheka: nje wapi, kwenye theluji?

Nunua. Inachomekwa tu kwenye kompyuta, inaingia mfukoni, haihitaji intaneti, na nyimbo zote zitaenea humo. Lakini ikianguka au ikipotea, zote zinaondoka pamoja. Hilo nalijua vizuri.

Nikiwa msichana kule Uvira, nilikuwa katibu wa kwaya. Nyimbo alizotunga baba yangu zilikuwa katika daftari moja, nami nililibeba kila mahali. Rafiki yangu Furaha aliomba kulinakili.

"Utalichafua," nikamwambia.

"Wee Eliza, umeolewa na daftari?"

Kwaya nzima ikacheka, nami nikazidi kukataa. Siku tulipokimbia vita, daftari likapotea njiani.

Miaka yote nimewaambia watu kwamba vita ndivyo vilivyotunyima nyimbo zile. Si kweli yote. Mimi ndiye niliyezuia zisinakiliwe, kwa sababu nilipenda kuombwa. Sitaki kufa na uongo huo.

Zimebaki saba kichwani mwangu. Njoo Krismasi na diski mbili, moja yako, moja ya wajukuu wa Furaha walioko Minneapolis. Waite waje wasikilize. Nitaziimba zote, kisha nitawaambia mwenyewe kwa nini ni saba tu.

Bibi yako anayekupenda,
Eliza