Mnyama Asianguke Shambani Kwetu

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa Kituo cha Polisi, Likoni, Jumanne tarehe 17 Juni 2025, kuanzia saa nne na nusu asubuhi, mbele ya Koplo Judy Nyambura.

Jina: Mwanasaumu Ali Mwachiti
Umri: Miaka 38
Kazi: Mkulima, hupika vitumbua vya kuuza asubuhi
Makao: Mbuta, Likoni

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ninaishi Mbuta na mume wangu Luqman, baba yake Mzee Mwinyihaji, na binti yetu Samiha. Shamba ni la mzee, lakini anayelima ni mimi, na hilo naomba liandikwe kwa sababu tangu jambo hili lianze hakuna aliyelikumbuka. Nimepanda mihogo na mahindi.

Tangu mwezi wa tano shamba limekuwa likiingiliwa na mnyama. Koplo ameniuliza mnyama gani. Nyumbani kwetu jina lake halitajwi, twasema yule mnyama na kila mtu anaelewa. Kwa ajili ya serikali nitataja: ni nguruwe mwitu, dume, mwenye meno yaliyotokeza nje. Hufukua mihogo mstari mzima, akauma huu kidogo na ule kidogo, akaiacha. Angekuwa anakula akamaliza ningesema ana njaa.

Mnamo tarehe 11 Juni, Jumatano, afisa wa wanyamapori alifika akaangalia nyayo. Alisema askari wake watakuja Jumatatu na bunduki inayofaa, na sisi tusifanye lolote. Nilifurahi. Afisa alipoondoka, baba mkwe alisema hawataki hao askari.

"Bunduki yao kubwa mno," alisema. "Itamlaza papo hapo."

Nilimuuliza, "Sasa baba, si ndivyo tunavyotaka?"

Akasema, "Papo hapo ni wapi, mwanangu? Ni shambani kwangu."

Koplo, wewe si wa dini yetu, kwa hivyo nieleze. Mnyama yule ni najisi. Akigusa chombo, chombo huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo iwe kwa udongo. Baba mkwe aliwaza, damu yake ikimwagika katikati ya mihogo, shamba zima litaoshwaje mara saba. Nilimwambia shamba ni udongo tayari. Nikamwambia pia mate ya huyo mnyama yamo humo kila siku, na sijaona mtu akiosha kitu. Aliniambia nikamletee maji ya kunywa. Nilimletea.

Jioni hiyo Luqman alimpigia simu rafiki yake Rashad, anayekaa Bamburi, mwenye bunduki za leseni. Tulikuwa jikoni pamoja, nilisikia kwa masikio yangu. Alimwambia, "Njoo Ijumaa, ulale kwetu, asubuhi utusaidie."

Rashad alifika Ijumaa tarehe 13, baada ya swala ya alasiri, akiwa na bunduki mbili. Alizilaza kwenye mkeka barazani. Ndogo, ya ishirini na mbili, ni ya kufukuzia tumbili kwenye minazi. Alisema hiyo itamkasirisha mnyama tu. Kubwa aliiita ya mia tatu na nane, na risasi zake zilikuwa aina mbili. Moja ina ncha laini. Ikiingia mwilini hupanuka, huvunja mfupa wa bega, na mnyama huanguka alipo. Nyingine imefunikwa shaba ngumu hadi nchani, ni ya kulengea shabaha uwanjani. Hiyo hupenya ikatokea upande wa pili, na mnyama aweza kukimbia mbali sana kabla hajafa. Rashad alisema mbele yetu sote kwamba kwa mnyama huyu ni ncha laini, wala hakuna la kujadili.

Wakajadili mpaka magharibi.

Alikuwepo pia Ngowa Kadenge, jirani yetu tuliyepakana naye. Ngowa ni Mkristo na ndiye aliyekuwa achukue nyama. Alisema, "Hiyo laini itanisagia bega lote. Nitakula nini, vipande vya risasi?" Akataka ile ngumu. Baba mkwe naye akasema ile ngumu, apigwe kwetu akafie kwa Ngowa. Miaka kumi na moja tangu niolewe pale nimewasikia wawili hao wakigombana, mara mpaka, mara mbuzi, mara spika za ibada. Siku waliyokubaliana, wakakubaliana hilo.

Rashad alisema, "Mzee, akikimbia na jeraha atamvaa mtu."

Baba mkwe alisema njia ya mnyama ni ile ile ya kwa Ngowa. Ngowa akasema, "Nami nitakuwa pale kwenye pengo la ua wa mpaka na panga, nimmalizie."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisema, "Mpigeni kwa ile laini, aanguke. Shimo nitachimba mimi, kumfukia nitamfukia mimi, na kuoga nitaoga mimi." Luqman aliniuliza kama chai iko tayari. Kisha akamwambia Rashad, "Usituvunjie heshima, wazee wameshakubaliana." Rashad alinitazama, akasema, "Haya, mimi mgeni," akazirudisha zile laini mkobani.

Hapo Rashad alikosea, na simtetei kwa hilo. Kibali cha kuwinda pia hakuwa nacho, na alijua.

Mnamo Jumamosi tarehe 14, saa kumi na mbili na robo asubuhi, kumeshapambazuka, nilikuwa natia vitumbua mafuta niliposikia mlio mmoja wa bunduki. Nilitoka. Mnyama alikuwa akikimbia kuelekea kwa Ngowa, moja kwa moja, kama mtu aliyeagizwa. Kila kitu kilikwenda walivyopanga, isipokuwa hakufa. Ngowa alikuwa amesimama pengoni na panga lake. Sikuona akilitumia. Nilisikia akipiga ukelele.

Mimi ndiye niliyefika kwanza. Paja lake la kulia lilikuwa limepasuliwa kuanzia karibu na goti kwenda juu. Nilivua leso yangu nikamfunga kwa nguvu zangu zote, na damu ikawa inapita kati ya vidole vyangu. Rashad alimpiga mnyama risasi ya pili, akaanguka upande wa kwa Ngowa, kama ilivyotakiwa. Hakuna aliyemla.

Mkewe Ngowa, Kafedha, alikuja mbio. Aliniambia, "Mama Samiha, mmetufanyia nini?" Niliendelea kuikaza ile leso. Jibu lake mpaka sasa ninalitafuta.

Rashad alimbeba Ngowa akamtia garini mwake, akampeleka hospitali. Kutoka huko alikuja mwenyewe hapa kituoni na bunduki zake zote mbili. Hakukamatwa, alijileta. Jana Kafedha aliniambia madaktari bado hawajui kama Ngowa atautumia mguu ule.

Jumapili jioni baba mkwe alituita. Alisema sote tuseme neno moja: Rashad alikuja bila kuitwa, alichagua risasi mwenyewe, na sisi tulimkataza. "Rashad ana jamaa zake, atatoka," alisema. Nilimuuliza, na Ngowa akipata nguvu za kusema? Luqman akasema Ngowa hatasema, kwa kuwa naye aliitaka ile ile. Jana Jumatatu Luqman alikuja hapa akayaandikisha hayo, na leo amenileta mimi niyarudie.

Siyarudii. Koplo, nimechoka. Nilichoka nikisema juu ya mihogo, nikachoka nikisema juu ya risasi, na sasa nimeambiwa niseme uwongo, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nyumba nzima inataka kunisikiliza. Baba mkwe namheshimu na nitaendelea kumpikia. Lakini Rashad aliitwa. Alisema ncha laini, akakatazwa na watu watatu, na mmoja wao ni mume wangu. Ajibu la kibali, ajibu la kukubali alichojua ni kosa. Mengine yana wenyewe. Wallahi siwezi kwenda kumwangalia Kafedha na jambo hili tumboni.

Nimemaliza. Nimeyasema kwa hiari yangu, niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe, na nimeridhika yalivyoandikwa.

Sahihi: Mwanasaumu A. Mwachiti

Maelezo ya afisa: Shahidi alisomewa maelezo haya kwa Kiswahili, hakubadilisha kitu, akatia sahihi mbele yangu saa sita kasoro dakika tano. Mumewe alikuwa akimsubiri kwenye benchi nje. Shahidi alimwambia nikisikia, "Nimesema ulivyompigia simu. Mimi naenda hospitali kwa Ngowa," akaondoka. Mumewe alibaki. Baadaye aliomba arudishiwe maelezo aliyoandikisha jana. Nilimweleza kwamba hayarudishwi, ila anaweza kuandikisha mengine. Alirudi kwenye benchi, kisha akaingia na kusema, "Andika: Rashad nilimwita mimi."

Koplo Judy Nyambura