Yaya, Wamenivika Bluzi Yako

Yaya wangu, dada yangu mkubwa,

Jana nilisimama mbele ya darasa nikasema kwamba nitasomea udaktari, Lubumbashi. Mwalimu wetu wa jiografia alitaka sisi wa darasa la sita, mwaka wa mwisho wa sekondari, tusimame mmoja mmoja, kila mtu ataje fakilte ya chuo kikuu anayoitaka na mji atakaokwenda kusoma. Unajua ninavyoogopa watu wakinitazama. Lakini nilisimama, nikasema, na sauti haikukatika. Wenzangu wakapiga makofi. Mwalimu peke yake hakupiga. Alibaki na chaki mkononi, akaniuliza: "Weye? Na ziwa je?"

Nikakaa.

Ungekuwepo ungecheka mpaka ushike tumbo. Si wewe uliyenikuta nimelala chini jikoni, siku Mama alipochinja kuku wa Noeli na damu ikaruka hadi kwenye mguu wangu? Ulinimwagia maji usoni, ukamwambia Mama: "Huyu, musimupatie hata kisu ya kukata nyanya." Siku hizo ulikuwa unajizoeza kudunga sindano kwenye machungwa, ukingojea treni ya kukupeleka mwaka wako wa kwanza. Mimi nilikaa kando yako na kitabu, nikikusomea majina ya mifupa kwa Kifaransa, nawe ukiyarudia umefumba macho. Mifupa ya kitabuni sikuiogopa. Ukasema basi Mungu ametugawia kazi vizuri: wewe watu, mimi maji.

Maji ndiyo yalikuwa mambo yetu. Ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba yetu ya kwanza, ile ya karibu na ufuko, wakubwa walibeba vitanda na masufuria, mimi nikabaki mlangoni nauliza kwa nini. Papa alisema ni mvua. Shangazi alisema ni dhambi za watu wa mji huu. Mama alisema nibebe ndoo niache maswali. Wewe, tulipokwisha kuhamia huku juu, ulinishika mkono ukanipeleka pale mto Lukuga unapotoka ziwani.

"Angalia," ukaniambia. "Mito yote inaingia humu. Mulango ya kutokea njo huu mumoja tu. Ukijua vizuri huu mulango, utajua sababu gani nyumba yetu ilikunywa maji."

Hakuna mtu aliyewahi kunijibu hivyo. Hukunipa jibu, ulinipa mahali pa kulitafutia.

Tukaanza mchezo wetu wa vijiti. Kila mmoja alitupa chake majini, changu nimekifunga uzi mwekundu, tukatembea ukingoni tukivifuata. "Yangu inaenda Kinshasa," ulisema, "itafika mbele yangu mimi mwenyewe. Yako iko wapi? Aaa, imekwama kwa majani, sawa mwenyewe!" Nikakwambia hakikukwama, kinapima kina. Ukanicheka: "Weye na maji yako, utaolewa na samaki." Nikajibu, maana wewe peke yako uliniwezesha kujibu haraka, kwamba kama samaki huyo anaheshimu wakwe, si mbaya. Ulikaa chini kwenye majani kwa kucheka.

Baadaye, ukiwa Lubumbashi, ulinipigia simu ukipiga kelele kama mtu aliyeona moto. Mwenzako wa chuoni alikuwa amekueleza kwamba kaskazini ya ziwa, upande wa Uvira, wapo watu ambao kazi yao ni kulisomea ziwa lenyewe: maji yake, samaki wake, kupanda kwake na kushuka kwake. "Mudogo, iko! Kitu yako iko! Na hauna hata kupanda treni, ni boti tu!" Nilikuwa bado darasa la nne. Nilizunguka nyumba nzima tena na tena. Kadogo, mdogo wetu wa mwisho, alimuuliza Mama kama ninaumwa.

Tukapanga. Ungemaliza, ungerudi kufanya kazi hapa Kalemie, mimi ningepanda boti. Ungemwambia Papa kwa niaba yangu, kwa sababu mimi kumwambia Papa jambo siwezi, na kwa sababu Papa, kila ulichosema wewe, alikuwa anaitikia kabla hujamaliza.

Halafu ikaja ile homa. Kwa simu ulisema ni malaria tu, utajitibu, si wewe ni dokta? Mara ya mwisho sauti yako ilikuwa mbali, ukauliza kama maji yameshuka. Nikasema yameshuka kidogo. Walikuzika kulekule. Kilichorudi kwa treni ni valizi yako ya nguo. Papa, ambaye maisha yake yote amepakua mizigo ya watu pale stesheni, alikataa isiwekwe kwenye mkokoteni. Aliibeba kifuani hadi nyumbani, mikono yote miwili. Toka siku hiyo alikaa kwenye kiti chake uani akaacha kula, akaacha kusema. Mama alikuwa anamwekea sahani mbele, na baadaye anaiondoa ilivyo.

Sasa nikueleze namna ilivyokwenda, maana hukuwepo, na wewe peke yako ungeweza kuizuia.

Papa Mukubwa, kama kaka wa Papa, alikuja kutoka Kiambi kumaliza kilio. Unakumbuka desturi ya watu wa Papa: nafasi ya marehemu haibaki tupu. Lazima mtu apyane, yaani akae mahali pake, aitwe jina lake, ashike alichoacha. Anayechaguliwa anakalishwa kwenye mkeka katikati ya watu. Hakuna anayemuuliza kwa mdomo. Akikataa, anasimama na kutoka kwenye mkeka, hakuna wa kumlaumu, anatafutwa mwingine. Akibaki amekaa mpaka apakwe unga mweupe kwenye paji la uso, amekubali, na haligeuki tena.

Wakanikalisha mimi. Sikushangaa, nani mwingine? Nilifikiri nitapewa jina lako, vitenge vyako, pengine kitanda. Hayo nilikuwa tayari kuyashika kwa mikono miwili. Kumbe Papa Mukubwa amefungua valizi. Akatoa koti lako jeupe la udaktari, ile bluzi uliyokuwa unaifua peke yako bila kumruhusu mtu kuigusa, akaiinua watu wote waione.

"Marehemu aliacha kazi katikati," akasema. "Huyu ataimaliza. Fakilte yake, muji yake, bluzi yake."

Watu wakanong'ona. Shangazi hakuvumilia: "Kaka, hata masomo inapyaniwaka?"

"Jembe inapyaniwa. Nyumba inapyaniwa. Bibi ya muntu anapyaniwa. Masomo njo nini, malaika?"

Wakacheka, Yaya. Kwenye kilio chako walicheka, na kicheko hicho kikafunga jambo. Kisha kimya. Kile kimya ndicho kilikuwa swali langu.

Niliitazama miguu yangu. Niliiambia isimame. Kulikuwa na majirani, kulikuwa na watu wa kanisa, kulikuwa na wazee wa Kiambi ambao hata majina yao siyajui, wote wananiangalia. Nikainua macho nikutafute, kwa mazoea tu, nikakutana na uso wa Papa. Alikuwa ameinua kichwa. Mara ya kwanza tangu valizi. Alikuwa ananitazama mimi, lakini haikuwa mimi aliyekuwa anamwona.

Unga ulikuwa baridi. Bluzi yako ilinifunika mpaka kwenye vidole. Wamama wakapiga vigelegele.

Asubuhi yake Papa aliomba chai. Akala na muhogo uliobaki, wote. Akavaa nguo za kazi, na mlangoni akageuka akaniambia: "Bon, Dokta, tutaonana magaribi." Akaenda stesheni anapiga mluzi. Mama alisimama na sahani tupu mikononi, hakujua aiweke wapi.

Nimejaribu, usifikiri sikujaribu. Siku moja nilimpelekea Papa chakula kazini, nikasubiri ale kwanza. Nikasema, "Papa, kule Uvira..." Nikaishia hapo.

"Uvira kuna nini?"

"Ziwa."

Papa akanyoosha kidole kuelekea majini, yanayoonekana vizuri pale stesheni. "Ziwa iko hapa, Dokta." Akacheka kwa moyo wote, akawaita wenzake: "Mumesikia? Dokta anatafuta ziwa!" Nao wakacheka, mmoja akaniambia nisiogope, Lubumbashi hakuna ziwa lakini kuna bomba. Nikakusanya sahani. Ningesema nini? Kicheko hicho tulikuwa tumekizika pamoja nawe, na sasa kimerudi, na kinaishi juu yangu. Nikitoka, kinaanguka.

Mama ndiye aliyepunguza mikono ya bluzi. Nilimkuta anashona, miwani puani, nikaketi karibu. Alipomaliza mkono mmoja akauliza:

"Kama haukutaka, mbona haukusimama?"

"Miguu, Mama."

Akakata uzi kwa meno. "Mimi nilikuwa nakungojea usimame. Hiyo muji ilishanikamatia mumoja. Nilikuwa nasema ndani ya roho: simama, mwanangu, simama. Mama hana ruhusa ya kumusimamisha muntu kwa mukeka."

"Na sasa je?"

"Sasa njo vile." Akanivalisha, akanigeuza nyuma, akavuta mabega. "Imekukaa," akasema, na akalia bila sauti akiendelea kuondoa nyuzi kwenye kola.

Kwa hiyo mwalimu aliponiuliza juu ya ziwa, nilikaa. Baada ya masomo alinisubiri mlangoni. "Mambo ya familia?" Nikaitikia kwa kichwa. Naye ni mtu wa huku, anaijua desturi. Alisema tu kwamba atlasi yake, ile aliyoniazima, naweza kubaki nayo mpaka mwisho wa mwaka. Nimeirudisha leo.

Nilipotoka shule nilishuka mpaka Lukuga. Pale tulipokuwa tunasimama pamefunikwa na maji, majani uliyokaa ukicheka hayaonekani. Nilikuwa na kijiti, nilikuwa hata na uzi. Sikukitupa. Sikuona maana ya kukifuata peke yangu, nikajibu mwenyewe na kujicheka mwenyewe. Nilikiweka juu ya jiwe nikarudi nyumbani.

Najua ungeniambia nini. Ungesema watu wanabadilisha fakilte, ungesema mwaka wa kwanza watu huanguka hata kwenye damu ya panya na baadaye wanazoea, ungesema utaongea na Papa. Nimejaribu kuyasikia hayo kwa sauti yako lakini yanatoka kwa sauti yangu, nayo haimshawishi mtu. Nitafanya mtihani wa serikali. Nitafaulu, unanijua, vitabu havijawahi kunishinda. Nitapanda treni. Nitakaa mbele ya meza yao kule, na watakapofunua shuka juu ya maiti nitaanguka chini, na hapatakuwa na mtu wa kunimwagia maji usoni. Nitaamka nitaanza tena. Hivyo mpaka mwisho. Mbele ya hapo sioni kitu.

Jambo moja limebaki. Wewe, Kadogo alikuwa anakuita Yaya; mimi aliniita jina langu tu, kwa sababu tulikuwa tunagombania sabuni na ugali. Desturi imembadilisha naye. Juzi nilikuwa nafua uani, akaja nyuma yangu, akasema polepole, kwa heshima ile aliyokuwa nayo kwako: "Yaya, Mama anakuita."

Niligeuka kutazama mlangoni, nikifikiri umefika.

Hapo ndipo nilielewa. Papa ana Dokta wake. Kadogo ana Yaya wake. Bluzi ina mtu ndani. Kiti chako hakikubaki tupu hata kidogo. Tafuta katika nyumba yote ni nani anayekosekana: ni yule msichana wa vijiti, wa uzi mwekundu, wa boti ya Uvira. Huyo hakuna aliyemfanyia kilio, na hakuna wa kumpyana. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe tu ulimjua, na kwa sababu hapa duniani hakuna tena mtu anayeweza kumwita kama ulivyokuwa unamwita.

Lala, Yaya. Maji hayajashuka. Siku ile kwenye simu nilikudanganya ili ulale.

Mudogo wako