Yule Aliyekuua, Nitaomba Aishi

Yaya Kambale, kaka yangu,

Wamenikataza kuja kwenye kumaliza kilio chako. Nakuambia mwenyewe mapema, kabla ukoo haujakufikishia habari kwa njia zao.

Ulimbeba abiria kutoka Butembo hadi Mavivi, karibu na Beni, akakuchoma kisu, akaondoka na pikipiki yako. Juma lile lile akaileta hapahapa Butembo kuitafutia mnunuzi, tena kwenye karakana uliyokuwa ukibadilishia tairi. Mwizi gani mjinga hivyo? Fundi alitambua kiti, maana nilikishona mimi kwa kile kitenge cha mama chenye samaki.

Motari wenzako, waendesha pikipiki, walifika kabla ya polisi. Unawajua. Nilipoitwa kutoka kwenye cherehani yangu, yule mtu alikuwa amekwisha kufungwa, tairi shingoni, amelowa petroli. Walikuwa wananingoja mimi, kwa sababu kwao mwenye kufiwa ndiye huwasha. Rafiki yako Muhindo akaniwekea kiberiti mkononi kwa heshima, kama anayemkaribisha mgeni.

"Dada, hii njo ya kwako. Siye tunakungojea."

Nikakitia kiberiti kifuani, nikaketi juu ya miguu ya yule mtu. Nikawaambia, "Basi munichome na miye." Walinitukana kwa Kiswahili, kwa Kinande na kwa Lingala, mpaka polisi wakaja kumchukua. Nilimchukia. Hata sasa namchukia, usidhani nimekuwa mtakatifu.

Lakini nilikukumbuka wewe, siku ile uliporudi nyumbani ukasukuma kando sahani ya sombe, wewe usiyewahi kuikataa. Ulikuwa umeona wakimchoma mwizi wa simu. Ulisema, "Kavira, alikuwa anaita mama yake. Na batu banacheka." Hukula kitu mpaka kesho yake.

Tangu hapo motari hawaniletei tena gilet zao, vile vizibao vya kazi, nizishone. Wake zao walikuja kuchukua vitenge vyao, vingine nimekwisha kuvikata. Wavae hivyohivyo vipande.

Ukoo ukaketi. Baba mdogo akasema kesi ikisikilizwa Beni nisimame niombe hukumu ya kifo, maana siku hizi imerudi. Nikasema siombi. Akanijibu mbele ya wote, "Kama unaomba aishi, donc, basi, haukuwa ndugu yake. Hapana kuya ku kilio." Mama alitazama chini. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko matusi yote ya barabarani.

Sasa nisikilize wewe, kwa kuwa wao hawataki. Sisi watu wa huku, kwa vita hivi, tumezika mpaka mikono imechoka. Kama kuua kungeleta amani, Beni ingekuwa na usingizi kuliko miji yote ya dunia. Mimi nataka yule mtu asimame mbele ya majaji, aulizwe, ajibu. Nataka kujua ulisema nini mwisho. Uliomba maji? Ulituita? Angekuwa majivu, ningemuuliza nani? Nataka afungwe, ndiyo, afungwe miaka mingi, azeeke akilijua jina lako.

Wananiambia gereza halina mlango, mwenye pesa anatoka. Ni kweli, nami sibishi. Basi twende tukawapigie kelele wenye gereza na majaji wanaokula rushwa. Kwa nini kelele zetu zote zinaishia kwa mtu aliyefungwa kamba? Huyo hata mimi, mwanamke wa cherehani, naweza kumshinda.

Kesi ni kesho. Napanda gari la asubuhi kwenda Beni, peke yangu. Nitasimama, nitalitaja jina lako lote, niseme mimi ni mdogo wako wa tumbo moja, kisha niwaombe wasimuue. Sauti ikikatika nitaanza upya. Na siku ya kumaliza kilio nitakuja vilevile. Wakinifungia mlango nitaketi nje barabarani, nikulilie hapo, na kila apitaye atajua marehemu alikuwa nani kwangu.

Lala salama, Yaya. Nakuahidi jambo moja tu: kwa jina lako hatauawa mtu. Nikiwa hai, hapana.

Mdogo wako,
Kavira