Bwawa la Pili

Ipuli, Tabora
20 Februari 2025

Kwa mdogo wangu Sadiki,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, wewe na mjomba Fikiri na nyumba yake yote hapo Goweko. Huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama miguu humsumbua asubuhi, ila jua likishachomoza hujikongoja hadi barazani, akachambua mchele na kuwauliza wapita njia habari za nyumbani kwao. Mpwa wako Tunu mzima. Nasikia mwaka huu tumbaku imekubali, na wewe ndiye unayechunga moto wa bani la kukaushia. Angalia kifua chako, moshi hujawahi kuuweza.

Shikamoo yako siidai. Simu zangu unaziona na hupokei, nami sikulaumu. Nimeandika kwa kalamu, nimpe jirani yetu Masolwa anayekuja huko kununua karanga, kwa sababu maneno haya yanataka uyasome umeketi. Tena nataka yakishatoka mkononi mwangu nisiweze kuyarudisha.

Nianze na habari za kazini. Bwawa la pili la majitaka ya chuo limepona.

Ulipoondoka Novemba uliliacha jeusi kama oili chafu, linatoa mapovu, na harufu yake inafika hadi kwenye mabweni ya wanachuo. Bwana Lugembe, msimamizi wetu, alishikilia kwamba ni shehena yako. Siku chache kabla ulikuwa umenyonya choo cha gereji moja kwa gari la majitaka na kumwaga bwawani, naye akaamini kwamba humo mlikuwa na maji ya betri na kwamba wewe ulijua. Uliapa kuwa hukubeba chochote ila uchafu wa choo. Hakukusikiliza. Ukanyang'anywa ufunguo wa gari mbele ya wapishi na walinzi.

Mwezi wa Desemba chuo kikamleta mtaalamu wa majitaka, binti mmoja anaitwa Julieth, mwembamba, mpole wa maneno. Alikuja na hadubini ndani ya sanduku, ameizungushia kanga isigongwe. Nilidhani ameleta dawa, nikamuuliza ataitia lini. Akacheka kidogo, akaniambia, "Mama Tunu, hapa hatutii dawa. Hapa tunafuga."

Ndugu yangu, miaka saba nimefanya kazi pale, nafyeka nyasi na kuopoa takataka zinazoelea, nikiamini uchafu unatuama tu na jua linamaliza. Julieth alinieleza kwamba katika bwawa la kwanza, lile refu kwenda chini, wamo vijidudu wasiotaka hewa kabisa, nao ndio wanaoumeng'enya uchafu mzito uliozama. Katika bwawa la pili wamo wengine wanaohitaji hewa kama mimi na wewe. Hewa hiyo wanaipata kwa mwani, ule ukijani niliokuwa nikiulalamikia kila siku. Mwani ukipigwa na jua unawatengenezea wale hewa, nao wanapoula uchafu wanauachia mwani chakula. Maji yakifika bwawa la tatu yameshaliwa uchafu wake, na jua linaua vimelea vingi vya maradhi vilivyobaki, ndipo yanakwenda kumwagilia miti.

Akaniita nichungulie. Mwanzo niliona kope zangu tu. Akanishika kichwa, akanisogeza, mara nikaona kitu kama kengele ndogo kwenye uzi. Kilifunguka, kikawa kinavuta maji mdomoni, kikashtuka na kujikunja, kisha kikafunguka tena. Pembeni yake vingine vilipita mbio kama watu wanaowahi treni. Nilisema subhanallah, nikatazama mpaka shingo ikauma. Hilo lilikuwa tone kutoka mabwawa mengine ya mjini yaliyo hai. Akaweka tone la bwawa letu. Humo hakikutikisika kitu.

Kazi yetu ikawa kuwarudisha. Dereva mpya alileta maji ya kijani na tope kutoka mabwawa yale mazima, tukayamimina kila asubuhi kwa wiki mbili, na Julieth akapunguza uchafu unaoingia ili wageni wetu wasivimbiwe. Kila siku alichota tone. Siku ya tisa akaniita, nikaona kimoja kinaogelea peke yake. Kufikia katikati ya Januari ukijani ukaanza upande wa uzio, ukatambaa, ukajaa. Harufu ikakatika. Ilikuwa furaha kubwa, Sadiki, lakini mimi kila nikitaka kuifurahia nilikukumbuka wewe.

Julieth alipima tope, akamwambia Bwana Lugembe kwamba maji ya betri yangeacha alama, na alama hiyo haipo. Kilichowaua, alisema, kilikuwa kikali, kikafanya kazi yake, kikapotea. Akauliza kama kuna mtu aliyewahi kutia klorini. Bwana Lugembe akashangaa, nani atie klorini kwenye majitaka? Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, fyekeo mkononi. Niliinama nikaendelea kufyeka.

Sadiki, ni mimi.

Unakumbuka mwezi wa Oktoba wageni wa posa walipotoka Chemchem kuja kumtazama Tunu. Mara ya kwanza upepo ulitoka bwawani, na shangazi wa kijana aliinywa chai yetu ameziba pua kwa ushungi. Tunu aliona. Nilijua watarudi Jumapili kutoa jibu. Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, nilifungua stoo, nikachukua ndoo nne za unga wa klorini uliokuwa umewekwa kwa matangi ya maji ya kunywa, nikaumwaga wote bwawa la pili, pande zote. Nilifikiri ninaosha. Kinachosafisha maji ya kunywa kitashindwaje kusafisha haya? Jumapili harufu ilikuwa imepungua kweli, wageni wakala, posa ikakubaliwa. Alhamisi bwawa likawa jeusi.

Sikujua nilichoua, hilo ni kweli. Lakini siku Bwana Lugembe anakunyang'anya ufunguo nilikwishajua kwamba si wewe. Nilinyamaza nikiogopa kazi, nikiogopa watu wa Chemchem wasije wakavunja. Kisha nikafanya baya kuliko kunyamaza. Nilikufuata pale getini, nikakuambia, "Kubali tu, yaishe." Ulinitazama, ukaondoka. Nadhani siku ile uliamini kwamba hata dada yako anakuona mwongo. Mimi peke yangu katika chuo kizima ndiye niliyejua kuwa unasema kweli.

Jumatatu wiki hii nilimweleza Bwana Lugembe yote, Julieth akiwapo. Julieth aliuliza ndoo zilikuwa ngapi, akaandika. Nimesimamishwa kazi hadi kamati ikutane, na sitajitetea. Ndani ya bahasha hii imo barua ya chuo inayokusafisha na kukuita urudi kwenye gari lako ukipenda. Bwana Lugembe amesema atakuomba radhi mwenyewe, na safari hii mbele ya wapishi na walinzi wale wale.

Jioni yake nilimwambia mama. Hakunipigia kelele. Alisema, "Mwanangu ameondoka hapa anaitwa mwongo, nami nikamnyamazia kwa sababu nilikuamini wewe." Tangu hapo chai yake anapikiwa na Tunu. Tunu naye aliwaeleza watu wa Chemchem kwa mdomo wake mwenyewe. Hawajavunja. Nikah iko pale pale baada ya Idi, ila amenikataza kuitumia harusi yake kukuvuta nyumbani, kwa hiyo hapo nakomea.

Mwezi mtukufu umekaribia na watu wanaombana radhi, wengi kwa makosa wasiyoyakumbuka. Mimi nakuomba radhi kwa kosa ninalolijua siku yake na saa yake. Usiharakishe kunisamehe kwa kuwa mimi ni mkubwa kwako.

Jumatano, Mungu akipenda, nitakuja Goweko. Nitakaa pale stesheni, sitafika kwa mjomba mpaka uniite. Ukija, nitayasema haya tena kwa mdomo. Usipokuja nitarudi Tabora, na sitakuona umekosea.

Nifikishie shikamoo kwa mjomba Fikiri na mkewe, na watoto wote uwasalimu. Mama anakusalimu sana, ameniambia salamu zake nizitangulize za nyumba hii, zangu ziwe za mwisho. Tunu anakuamkia.

Wasalaam,
Dada yako,
Batuli binti Yahaya