Chini ya Nyasi Zako, Baba Wanja

Baba Wanja,

Nyasi zimekufa tena. Palepale kati ya mlango na tangi la maji, pale ulipopanda mara nne. Zilianza kuwa njano tukiwa Embu kwa mazishi yako, na niliporudi hapa mtaani Waberi, Garissa, zilikuwa zinavunjika mkononi kama majani ya chai.

Nilifanya ulivyokuwa ukifanya. Nikatia mbolea, nikanyunyiza dawa ya mchwa, nikamwagilia asubuhi na jioni. Wiki tatu. Hakuna kilichochipua. Nikakusikia ukisema, "Nyasi ni subira tu, Mama Wanja," nikakukasirikia, kana kwamba ungeweza kunijibu.

Unakumbuka ulipozileta mara ya kwanza kutoka kwa mama yako? Gunia bichi mapajani tangu Embu hadi Garissa, suruali imelowa, abiria wanacheka. Ulisema hata mwalimu aliyehamishiwa jangwani anastahili mahali pa kuvua viatu. Wanja alijifunza kutembea juu ya nyasi hizo.

Jumamosi nilichukua sururu. Halima wa jirani alinitazama juu ya ua, kisha akaja na jembe lake. "Abaayo, dada yangu, wacha kutibu majani," akasema. "Shida iko chini." Tukachimba. Shimo halijafika kiwiko, sururu ikagonga zege. Waliojenga nyumba hii walimwaga mabaki yao yote hapo, wakayafunika kwa udongo. Juu ya zege palikuwa na ukoko mweupe. Halima akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Chumvi. Maji ya kisima tuliyomwagilia miaka yote hayakuwa na pa kwenda. Yalikauka yakaiacha chumvi mizizini. Kila ulipoziona zimenyong'onyea ukaziongezea maji, ulikuwa unaziongezea chumvi.

Nilimpigia mwenye nyumba. Akasema zege hilo limeingia mpaka chini ya ukuta, nisiliguse. Basi. Sababu nimeijua, na siwezi kufanya lolote. Niliketi ukingoni mwa shimo nikalia, Halima amenishika bega, hadi adhana ya alasiri.

Sikulilia nyasi. Ulikuwa ukisema, "Ni kichwa tu, ni jua la huku," nami nakuletea vidonge vya maumivu na glasi ya maji. Miaka. Siku ulipoanguka darasani, daktari aliniambia presha ilikuanza zamani, na figo zilikuwa zimeharibika kimyakimya, vidonge vile vya maumivu vikizidi kuziumiza. Kwa nini sikukuburuta ukapimwe? Kwa nini mimi... Sijui. Mikono hii ndiyo iliyokuwa ikikupa vidonge.

Na kuna hili. Jana, tukichambua mchele, Wanja alininong'oneza kwamba asubuhi ile alikujibu vibaya kuhusu sare yake, ukatoka bila kunywa chai. Anaamini yeye ndiye aliyekuua. Mtoto wa miaka kumi na mmoja amebeba hilo peke yake miezi miwili, na mimi nilikuwa nje na mpira wa maji. Nilimkumbatia tu.

Pumzika, mume wangu. Kesho akitoka shule nitamketisha nimwambie yote: kwamba ugonjwa ulikuwemo tangu yeye hajaanza shule, na kwamba vidonge vilitoka mkononi mwangu. Labda atanichukia. Afadhali anichukie mimi. Nakuahidi, kuanzia kesho hatalala usiku mwingine akidhani ni yeye.

Mama Wanja